Bakteria wa Tumboni: Tunayoambiana Moshi na Yaliyothibitika

Katika maduka ya dawa ya Moshi na Arusha si ajabu siku hizi kumsikia mteja akiomba "dawa ya kurudisha bakteria wazuri", naye muuzaji akanyosha mkono hadi rafu ya juu, zilipo chupa za vidonge vinavyoitwa probayotiki. Neno hilo lina maana iliyokubaliwa. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO) walieleza kwamba probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Viwe hai, viwe vya kutosha, na faida yake iwe imeonekana kwa watu. Dhana nyingi potofu zinazosambaa mjini huzaliwa pale mojawapo ya masharti hayo matatu linaposahauliwa.

"Ukimaliza antibayotiki ni lazima umeze probayotiki"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na hoja yake inavutia: dawa imeua bakteria wa utumbo, basi wapandwe wengine. Utumbo hata hivyo si shamba lililofyekwa likabaki tupu. Bakteria wengi huponea dozi na huanza kuongezeka tena mara inapokwisha. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israel walichapisha jaribio ambamo watu wazima wenye afya walipewa antibayotiki, kisha baadhi yao wakapewa vidonge vya probayotiki na wengine wakaachwa wajirudie wenyewe. Walioachwa walikaribia hali yao ya awali ndani ya wiki tatu hivi, ilhali waliomeza probayotiki walikuwa bado hawajarejea hata baada ya miezi mitano. Washiriki walikuwa wachache, na jaribio moja halifungi mjadala, lakini linatosha kuiondoa ile "lazima". Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Humo tumboni mgeni alikalia kigoda na mwenyeji akabaki mlangoni.

Hilo halimaanishi kwamba vidonge hivyo havina kazi yoyote. Kuharisha kunakosababishwa na antibayotiki ni tatizo jingine, na kwa hilo ushahidi una nguvu zaidi: Lactobacillus rhamnosus GG na Saccharomyces boulardii, ambayo ni ya jamii ya hamira na kwa hiyo haiuawi na antibayotiki, zimeonekana kupunguza uwezekano wa kuharisha zikianza kutumiwa mapema pamoja na dozi yenyewe. Kuzuia kuharisha kwa siku chache na kurejesha jamii nzima ya bakteria ni mambo mawili tofauti, na anayeuza la kwanza kwa jina la pili anampotosha mnunuzi. Kinga iliyo bora kuliko vidonge vyote ni kutotumia antibayotiki pasipohitajika. Nusu dozi ya amoksilini iliyonunuliwa bila cheti cha daktari kwa ajili ya mafua haiponyi mafua, kwa kuwa mafua huletwa na virusi, lakini bakteria wa utumbo hupata pigo lao kamili.

"Kila mwenye afya ana bakteria wale wale wazuri"

Ushahidi unaoipinga dhana hii uko jirani yetu. Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, safari ya saa chache kutoka Arusha mjini, ni miongoni mwa watu ambao bakteria wao wa utumbo wamechunguzwa kwa makini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu wazima wa Kihadzabe karibu hawana kabisa Bifidobacterium, jamii ambayo jina lake hupamba chupa nyingi za probayotiki, ilhali matumbo yao yana bakteria wa aina nyingi kuliko ya Waitaliano waliolinganishwa nao. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mchanganyiko huo hubadilika kwa majira: msimu wa mvua, wakati wa asali na matunda pori, huwa na sura moja, na kiangazi, wakati wa nyama, huwa na nyingine, hata baadhi ya aina hupungua mpaka zisionekane, kisha hurudi msimu unapogeuka. Kinachobaki mwaka mzima katika mlo wao ni mizizi ya porini na ubuyu, vyakula vilivyojaa nyuzinyuzi. Mtu akiambiwa kwamba tumbo lake ni bovu kwa sababu kipimo hakikuonyesha bakteria fulani, awakumbuke Wahadzabe kabla ya kulipa.

Nao wanaorudia kwamba bakteria wa mwilini ni mara kumi ya chembe zetu wenyewe wanatumia hesabu iliyopitwa na wakati. Makadirio ya mwaka 2016 yanataja bakteria trilioni 38 kwa chembe trilioni 30, kiasi ambacho si haba hata bila kutiwa chumvi.

"Chakula cha nyumbani hushibisha tu, afya ya utumbo inanunuliwa dukani"

Hapa ndipo penye uzito, na hapa Kilimanjaro ina habari yake yenyewe. Mwezi Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya, wa vijijini na wa mjini, walishiriki. Waliozoea mlo wa asili wa kijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa kizungu wa vyakula vilivyosindikwa. Wa mjini waliozoea mlo wa namna hiyo walirudishwa kwenye mlo wa asili wa mboga za majani, jamii ya kunde, ndizi na nafaka kama ulezi. Kundi la tatu, la wa mjini pia, lilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki moja. Waliohamia kwenye mlo wa kizungu walionekana kupanda viashiria vya mchochota katika damu, yaani ule mwako wa kinga ambao ukidumu huhusishwa na kisukari na maradhi ya moyo, na chembe zao za kinga zilijibu kwa udhaifu zaidi zilipokutanishwa na vijidudu vya maradhi. Waliorudi kwenye mlo wa asili, pamoja na wale wa mbege, walionekana kushuka viashiria hivyo, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Matokeo hayo yalipotangazwa, ilikuwa rahisi kwa mpenzi wa mbege kujiona ameshinda kesi. Hajashinda. Utafiti ulihusu wanaume peke yao, ulidumu majuma machache, na ulipima viashiria vya damu, si idadi ya watu waliougua au kupona. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, hutiwa uchungu kwa gome la msesewe, na hunywewa ikiwa ingali inachacha, kwa hiyo ina vijidudu hai na mabaki ya nafaka ambavyo bia iliyochujwa haina. Lakini ni pombe, na WHO ilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Anayekunywa kata moja kwenye sherehe ya harusi na anayeshinda kilabuni tangu saa nne asubuhi hawawezi kujitetea kwa utafiti mmoja.

Somo lenye manufaa zaidi liko kwenye sufuria. Nyuzinyuzi, ambazo maofisa lishe huziita makapimlo, hazimeng'enywi katika utumbo mwembamba. Hufika zikiwa nzima kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotanda ukuta wa utumbo huo. Ukiwanyima bakteria chakula chao, hata uwameze wapya kila asubuhi, hawatakuwa na cha kufanyia kazi. Ndizi mbichi zina wanga sugu, ambao nao hupita bila kumeng'enywa na kufanya kazi ile ile. Ndizi inavyoiva wanga huo hugeuka sukari, na inavyopikwa sehemu kubwa hulainika na kuwa wanga wa kawaida, ingawa ikiachwa ipoe sehemu yake hurudi kuwa sugu. Kwa hiyo kiporo cha kiburu, ndizi na maharage yake, si chakula cha kuonewa haya. WHO inapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na mlo wa makande, mboga za majani na ndizi huifikia hesabu hiyo kwa urahisi ambao chipsi mayai hauna.

Wapo watakaolalamika kwamba maharage huwajaza gesi, na kwamba gesi ni dalili ya utumbo mbovu. Gesi ni matokeo ya uchachushaji huo huo tunaousifu. Asiyezoea aongeze nyuzinyuzi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na anywe maji ya kutosha.

"Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa ndio wenye nguvu"

Sifa za mtindi ni za zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Élie Metchnikoff, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alitangaza kwamba maziwa mgando ya Bulgaria hurefusha maisha. Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1908 ilikuwa ya kazi yake kuhusu chembe za kinga, si ya maziwa, naye alifariki akiwa na miaka 71. Faida iliyo thabiti ni ndogo na ya kawaida zaidi: bakteria wa mtindi husaidia kumeng'enya sukari ya maziwa, kwa hiyo wengi wanaosumbuliwa tumbo na maziwa freshi huvumilia mtindi bila shida.

Hatari iko kwenye maziwa mabichi. Wafugaji wa Kimaasai wana ustadi wao wa kugandisha maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mti wa oloirien, na uchachu huo huzuia vijidudu vingi, ila hauaminiki kuua vile vinavyosababisha brusela, ugonjwa wa homa za kurudia rudia na maumivu ya viungo. Katika utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi miongoni mwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, zaidi ya nusu walidhaniwa wana malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6 tu, brusela ilikuwa mojawapo ya magonjwa yaliyojificha nyuma ya jina la malaria. Chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo uyatie kijiko cha mtindi mzuri kama mbegu. Kuchemsha kabla hakupunguzi chochote, maana bakteria unaowataka wanaingia baadaye. Kuchemsha baada ya kuganda ndiko kunakowaua, na ndiyo sababu mpishi wa loshoro, yaani makande ya mtindi, anayetaka kuwaokoa huchanganya mtindi makande yakishapoa. Akichanganya yakiwa yanatokota, chakula kinabaki kuwa chakula chema, ila si probayotiki tena.

"Bilioni zikizidi, dawa ni bora"

Jina kamili la probayotiki lina sehemu tatu, kama Lactobacillus rhamnosus GG, na ushahidi hufuata sehemu ya tatu. Kilichothibitishwa kwa GG hakiwi mali ya kila Lactobacillus. Akina mama wa Mwanza walioanza kutengeneza mtindi wa probayotiki mwaka 2004 walitumia aina inayojulikana kwa jina lake lote, Lactobacillus rhamnosus GR-1. Chupa iliyoandikwa "bilioni 50, aina 12" bila majina kamili haikuambii umenunua nini, na ikiwa hesabu hiyo ni ya siku ya kutengenezwa, wala si ya siku ya kwisha muda wake, chupa iliyokaa dirishani juani huenda imebaki na wafu watupu.

"Probayotiki hutibu vidonda vya tumbo, na sanamaki husafisha utumbo"

Vidonda vingi vya tumbo huletwa na Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama dikilofenaki. Bakteria huyo hupimwa na kutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa, mara nyingi kwa siku 14, na dozi hukamilishwa. Ama sanamaki ya kila mwezi, inachotoa ni maji, chumvi na choo ambacho kingetoka chenyewe. Sumu za mwili huondolewa na ini na figo.

"Mtoto akiharisha, mpe probayotiki"

Dhana hii ndiyo inayoweza kuua. Mtoto anayeharisha hufa kwa kupungukiwa maji, na tiba yake ni maji ya ORS pamoja na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 ikiwa hajatimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya na kula. Probayotiki haichukui nafasi ya hata kimoja kati ya hivyo. Kwa mtoto njiti, au mtu ambaye kinga yake imeporomoka, vijidudu hai vinaweza kupenya hadi kwenye damu, kwa hiyo asipewe bila daktari kuamua. Choo chenye damu, macho yaliyodidimia, mtoto asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu, vyote ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya usiku huo huo.