Halijoto ya jiko la kuni: digrii 250 za wapi?

Baridi ya Julai ikishatua Molo na Mau Summit, kule Nakuru nchini Kenya, huanza gumzo la majiko ya kuni. "Langu jana lilifika mia mbili hamsini." "Langu halipiti mia moja themanini, nadhani fundi alinichezea." Watu wanalinganisha namba hizo kama bei ya gunia la viazi, na hakuna anayeuliza swali la kwanza: mia mbili hamsini za wapi?

Maana yenyewe ni fupi. Halijoto ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo moto au baridi pale kinapopimwa, saa kinapopimwa. Basi. Haisemi jiko linakipasha chumba kwa kiasi gani, wala haisemi kuni zinaungua vizuri au zinafuka tu. Na jiko ninalozungumzia ni lile kasha la chuma lenye mlango wa kioo, linalosukumwa ndani ya meko ya mawe kama yale yaliyobaki katika nyumba za enzi za walowezi kule Njoro na Molo. Moto wake ni mmoja, halijoto zake ni nyingi: ya ndimi za moto, ya uso wa kasha, ya uso wa bomba la moshi, na ya moshi wenyewe ndani ya bomba. Kati ya moja na nyingine panaweza kuwa na mamia ya digrii.

Tatizo kubwa ni kile kipimajoto cha sumaku, kisahani cha mviringo chenye mshale na rangi tatu. Ndani yake mna springi ya vipande viwili vya metali tofauti vilivyobanwa pamoja. Kimoja hutanuka kuliko mwenzake, springi inajisokota, mshale unasogea. Ni kifaa kizuri na hakihitaji betri. Lakini rangi zake zilipigwa kwa ajili ya kubandikwa mahali pamoja tu: juu ya bomba la chuma la ukuta mmoja, lililo wazi. Hapo, chini ya takriban nyuzi 115 za Selsiasi maana yake moshi unapoa mno. Kutoka 115 hadi 240 ni sawa. Zaidi ya hapo unachoma bomba. Moshi ulio ndani ni moto zaidi sana kuliko chuma kinachoguswa na sumaku, pengine karibu mara mbili. Kama bomba ni la kuta mbili, uso wake haukuambii lolote la maana.

Baadhi ya vipimajoto hivi vina namba za Farenhaiti, kipimo kinachotumika Marekani. Mia mbili hamsini za Farenhaiti ni kama nyuzi 120 za Selsiasi. Kwa hiyo yule anayejigamba kwa mia mbili hamsini yake huenda anajigambia jiko ambalo ndiyo kwanza limetoka kwenye ubaridi.

Sasa, katika jiko la kupachikwa ndani ya meko, bomba halionekani. Liko nyuma ya bamba la mbele, limepanda ndani ya chimni. Watu wanafanya nini? Wanabandika sumaku usoni, juu ya mlango, halafu wanasoma rangi zilezile. Hapo rangi hazina kazi tena. Tena majiko mengi ya aina hii yana feni inayosukuma hewa kati ya kasha na ganda la nje. Iwashe, uso unapoa na mshale unashuka, na moto haujapungua hata kidogo. Jirani anaongeza kuni bure.

Vipimajoto vya kuelekezea bila kugusa, ndugu za vile walivyotuelekezea walinzi kwenye paji la uso mwaka 2020, navyo vina mambo yake. Kile cha paji la uso usikijaribu kabisa, kimeundwa kwa joto la mwili. Kile cha mafundi kinasoma uso tu: ukikielekeza kwenye kioo kinakupa halijoto ya kioo, si ya moto ulio nyuma yake, na kwenye bomba jipya linalong'aa kinasoma chini kuliko ukweli. Kwenye chuma cheusi kisichong'aa kinaaminika.

Anayetaka kujua habari za moshi apime moshi. Kuna waya wa thamokapo: metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani, zikipata moto zinatoa umeme kidogo sana, jambo alilolibaini mwanafizikia Seebeck mwaka 1821. Ncha inaingizwa ndani ya bomba, waya unapitishwa nyuma ya bamba, namba inasomwa ukiwa umekaa kwenye kiti. Ila tundu litobolewe kabla jiko halijasukumwa mahali pake, kwa hiyo mwambie fundi mapema.

Moshi ndio wenye maneno kwa sababu ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi ndani ya chimni, mvuke na lami yake vinaganda ukutani. Ile lami nyeusi inayong'aa ndiyo inayoshika moto siku moja. Inaletwa na mkaratusi uliokatwa juzi, ule unaotoa mapovu kwenye ncha za gogo na kulia shii, na inaletwa na kufunga hewa usiku "ili joto lisipotee". Asubuhi kasha bado ni vuguvugu, mtu anafurahi, kumbe usiku kucha moshi ulikuwa baridi.

Na kinyume chake hutokea wakati wa kuwasha. Vijiti vikavu vinapandisha moshi haraka sana, huku kasha ukiligusa bado ni baridi. Namba mbili za saa ileile, na zote ni za kweli.

Kwa hiyo ukiulizwa jiko lako lina digrii ngapi, jibu hivi: "Usoni, juu ya mlango, nyuzi 230 za Selsiasi, feni imezimwa." Ni maneno mengi kidogo, lakini hapo jirani anaweza kulinganisha na lake.