Jeshi na tabianchi: yanayosemwa na yaliyopo

"Mabadiliko ya tabianchi ni kazi ya wanamazingira, jeshi lina adui wake."

Tarehe 10 Oktoba 2018, kimbunga Michael kilikipiga kituo cha jeshi la anga cha Tyndall, Florida. Ndege nyingi zilikuwa zimeshahamishwa. Baadhi ya ndege za kivita aina ya F-22, zilizokuwa kwenye matengenezo na haziwezi kuruka, zilibaki mabandani kimbunga kikipasua mapaa juu yake. Karibu kila jengo liliharibika. Machi 2019, mafuriko yalifunika takriban theluthi moja ya kituo cha Offutt, Nebraska, yaliko makao makuu ya kamandi inayosimamia silaha za nyuklia za Marekani. Adui hakufyatua hata risasi moja. Si kwamba kila kimbunga kimeletwa na mabadiliko ya tabianchi. Ila bahari yenye joto hukiongezea nguvu, na kambi hizi zilijengwa kwa hali ya hewa ya zamani.

"Joto ni la kuvumilia tu, askari amefunzwa."

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu ndege haivumilii. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi: bawa hukosa nguvu ya kutosha ya kuinua, injini nayo huvuta hewa hafifu. Rubani atafute njia ndefu ya kurukia, apunguze mafuta au mzigo, au asubiri usiku. Helikopta huumia zaidi, hasa milimani, ambako hewa ni nyepesi tangu mwanzo. Safari ya kubeba majeruhi wanne inaweza kugeuka ya wawili. Hata lami husalimu amri: Julai 2022 safari za ndege zilisitishwa katika kituo cha jeshi la anga cha Brize Norton, Uingereza, kwa sababu ya joto kali.

Na huyo askari? Mwili huzoea joto kwa wiki moja au mbili, lakini aliyezoea hutoka jasho zaidi, si kidogo. Kwa hiyo anahitaji maji mengi zaidi, na maji hayo lazima yabebwe na mtu au gari. Chini ya fulana ya kuzuia risasi, jasho lenyewe halikauki vizuri.

"Ukame huzaa vita."

Si moja kwa moja. Ziwa Chad lilisinyaa vibaya kati ya miaka ya 1960 na 1980, kisha likaacha kupungua kwa kasi ile. Boko Haram, kundi la wapiganaji wa eneo hilo, walianza mashambulizi makubwa mwaka 2009. Ukame huongeza shida palipo na utawala mbovu na chuki za zamani. Peke yake hauelezi mengi.

"Barafu ya Aktiki ikiyeyuka, manowari zitanufaika."

Zitapita, na za wengine pia. Huko nchi kavu, udongo ulioganda ukiyeyuka hupasua njia za ndege na majengo.

"Majeshi hutangaza hewa chafu yao kama wengine."

Itifaki ya Kyoto ya 1997, makubaliano ya nchi ya kupunguza hewa chafu inayoongeza joto duniani, iliacha nje ya hesabu mafuta ya operesheni za kijeshi za kimataifa. Chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, kutangaza hewa chafu ya jeshi ni hiari, na nchi nyingi hazitoi takwimu kamili.