Ukoo wa seli kama kielelezo cha protini ya ubongo

Ukoo wa seli ni seli zilizotoka kwa mtu au mnyama mmoja, zikaendelea kugawanyika maabarani miaka nenda miaka rudi. Seli za neva zilizokomaa hazigawanyiki, kwa hiyo watafiti wa ubongo hukimbilia seli za saratani. SH-SY5Y, mojawapo ya koo zinazotumika sana, ilianzia kwenye uboho wa msichana wa miaka 4 mwenye nyuroblastoma, mwaka 1970. Saratani hiyo huota kwenye neva zilizo nje ya ubongo, jambo ambalo wengi hulisahau.

Kutathmini ukoo ni kuuliza kama unaweza kujibu swali fulani kuhusu protini fulani. "Unafaa kwa ubongo" ni maneno matupu.

Chukua tau, protini ya seli za neva inayoshikamana na mikrotubuli, yaani vijirija vinavyoipa seli umbo. Ubongo wa mtu mzima una aina 6 za tau, zote kutoka jeni ya MAPT: 3 zina sehemu tatu za kushikia mikrotubuli, 3 zina nne. SH-SY5Y ambayo haijakomazwa, yaani haijafanywa ifanane na seli ya neva, hutengeneza hasa ile fupi ya asidi amino 352, tau ya kijusi. Anayechunguza ugonjwa unaorundika tau ya sehemu nne anatafuta kitu ambacho karibu hakimo.

Kuona RNA ya MAPT, yaani nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, hakutoshi. Pima protini yenyewe: itenganishe kwa ukubwa kwenye jeli, kisha itambue kwa kingamwili, nayo itaonekana kama mstari. Ondoa fosfati kwanza kwa kimeng'enya, maana fosfati huchelewesha tau kwenye jeli na mistari ya aina mbalimbali hupandana. Pembeni weka tau zote 6 zilizotengenezwa na bakteria, pamoja na seli zilezile zilizoondolewa MAPT. Mstari ukibaki kwenye seli hizo, kingamwili yako inashika kitu kingine.

Kukomaza hufanywa kwa asidi ya retinoiki, mikromola 10 kwa siku 5 hadi 7, huku seramu (majimaji ya damu yanayolisha seli) ikipunguzwa. Wengi huongeza BDNF, protini inayosaidia neva kukua, nanogramu 50 kwa mililita bila seramu. Asidi hiyo huharibiwa na mwanga, basi itunze gizani na ubadilishe kimiminika cha kukuzia seli kila baada ya siku mbili. Mikia mirefu inayoota kwenye seli isikudanganye: rudia kipimo cha tau. Tena, ukoo huu una seli bapa zisizofanana na neva. Hizo haziachi kugawanyika, na seli zikihamishiwa sahani mpya mara nyingi mno, sahani huishia kuwa yao. Andika idadi ya mara ulizozihamisha, na uanze na kichupa kipya cha akiba kabla hazijatawala.