Huduma za Wingu: Mafaili Yako Yanakaa Wapi?

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetunza orodha ya wadeni wake kwenye Google Drive anatumia huduma za wingu, hata kama hazijui kwa jina hilo. Orodha hiyo imo kwenye seva, yaani kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana katika kituo cha data cha kampuni husika, nayo humfikia kwa njia ya intaneti.

Amazon ilianza kuuza nafasi ya kuhifadhi data kwa utaratibu huu Machi 2006. Kwa kampuni na ofisi, malipo yake hufanana na bili ya maji: mteja hulipia kiasi alichotumia bila kugharimia kuchimba kisima, lakini asipofuatilia matumizi, bili huweza kumshtua mwisho wa mwezi.

Linalowaponza wengi ni kudhani kwamba faili likishaonekana mtandaoni basi limekwisha kupata nakala ya akiba. Simu na kompyuta zilizounganishwa na akaunti moja huigana, hivyo ukifuta faili kwenye kifaa kimoja, linatoweka na kwenye kingine. Google Drive hulibakiza kwenye kapu la taka kwa siku 30, kisha hulifuta kabisa. Kwa hiyo hesabu za biashara ziwe na nakala nyingine nje ya akaunti hiyo, hata kwenye diski ya kawaida inayofungiwa kabatini. Nakala hiyo hufaa pia intaneti inapoyumba, kama ilivyotokea Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, inayoleta intaneti Afrika Mashariki, ilipokatika.

Anayetunza taarifa za wateja, yakiwemo majina na namba zao za simu, afahamu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaendelea kumbana hata seva zikiwa za kampuni nyingine, na kwamba imeweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi.

Kuhusu usalama, weka nenosiri refu usilolitumia kwingine, na washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai uthibitisho wa pili baada ya nenosiri, kwa mfano namba inayotumwa kwenye simu yako. Kama akaunti yako ilifunguliwa na fundi simu siku uliponunua simu (jambo la kawaida mno hapa Dar es Salaam), ingia kwenye mipangilio, badilisha nenosiri, kisha hakikisha kwamba namba ya kurejeshea akaunti ni yako na si ya fundi.