Bega la barabara si njia ya waenda kwa miguu

Majuzi nilikaa kwenye kikao cha kupitia mpango wa barabara za mkoa mmoja, ambao jina lake naliacha. Kwenye jedwali palikuwa na safu iliyoandikwa "njia za waenda kwa miguu na baiskeli", na chini yake kilomita zimejaa, barabara baada ya barabara, mpaka nikafurahi. Nikauliza njia hizo zina upana gani. Nikajibiwa mita moja na nusu kila upande, lami tupu. Nikauliza zimetenganishwa na magari kwa kitu gani. Wenzangu wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Kuna mstari mweupe."

Kumbe tulikuwa tunasoma mabega.

Si mara ya kwanza. Nimelisikia kosa hili redioni, nimelisikia kwenye hotuba za uzinduzi, na sasa nalisikia kwa vijana waliotoka chuoni juzi, ambao wamefundishwa tofauti yake na kufanyiwa mtihani. Basi nilieleze mara moja, niwe nimesema.

Bega la barabara ni ule ukanda wa pembeni ya njia ya magari, baada ya mstari mweupe. Limejengwa kwa ajili ya barabara yenyewe na magari yake: linashikilia ukingo wa lami usimeguke, linasogeza maji ya mvua mbali na tabaka za chini, na linapokea gari lililopasuka tairi au lililokwepa kugongana. Njia ya waenda kwa miguu ni ukanda mwingine kabisa, uliotengwa kwa ajili ya mtu, na gari haliwezi kuuingia bila kupanda ukingo, kuvuka mtaro au kugonga nguzo. Njia ya baiskeli ni hivyohivyo, ila ni ya magurudumu mawili yasiyo na injini. Maana ndiyo hiyo, haina ugumu. Ugumu uko kwenye maneno yenyewe na safari yaliyopitia.

Tuanze na njia. Hili ni neno la wenyeji, na lina ndugu Afrika nzima ya Kibantu: Mkikuyu husema njĩra, Mnyarwanda inzira, Mchewa njira, Mshona nzira. Tumbo ni moja. Lilikuwepo kabla gurudumu halijafika huku, na maana yake ilikuwa ile alama inayobaki ardhini watu wanapopita palepale kila siku mpaka majani yanakubali kufa. Njia ilizaliwa kwa kukanyagwa. Ndiyo sababu hadi leo tuna mpita njia, njia panda, njia ya mkato na njia ya panya, na kote humo anayetajwa ni mwenye miguu.

Barabara yenyewe ilikuja kwa bahari. Asili yake ni Kiajemi, barābar, maana yake iliyo sawa, iliyolingana. Na ukilipasua zaidi ndani yake unakuta bar, yaani kifua, kwa hiyo ni kama kusema kifua kwa kifua. Kiswahili kikalichukua na kulitumia mara mbili. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, baRAbara, unasema kazi imekwenda sawasawa. Mkazo ukirudi mahali pake pa kawaida, baraBAra, unataja ile njia pana iliyonyooshwa na kusawazishwa. Walimu wa Kiswahili huupenda mfano huu wakifundisha mkazo, nami naupenda kwa sababu nyingine: unatukumbusha kwamba wazo lililo ndani ya neno barabara ni la kulingana.

Sasa tazama tulipolifikisha neno njia. Tunasema "barabara ya njia nane". Kimara ya Dar es Salaam hadi Kibaha, kilomita 19.2, kila mtu anaiita hivyo: njia nane. Ukizihesabu hizo nane unapata nne za kwenda na nne za kurudi, na zote ni za magari. Anayekwenda kwa miguu kutoka kituo kimoja hadi kingine, anayesukuma toroli, mwanafunzi na mwendesha baiskeli hawamo kwenye hesabu ya neno hilo. Njia imehama kutoka mguuni kwenda kwenye tairi, na hakuna aliyetangaza.

Siwalaumu wasemaji, lugha hukua. Bodaboda pia lilianza kwa baiskeli, kule mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia na Malaba, ambako vijana walibeba abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Leo ukisema bodaboda kila mtu anaona pikipiki, na mwenye baiskeli inabidi ajieleze. Lakini bodaboda lilipohama halikumpotezea mtu haki yake. Njia lilipohama, mwenda kwa miguu alibaki bila neno, na wapangaji wakamtafutia pa kumweka. Wakamweka begani.

Na bega ni tafsiri ya juzi. Mainjinia waliipata kwenye vitabu vya Kiingereza wakaitafsiri moja kwa moja, na ni tafsiri nzuri, kwa sababu bega la mtu nalo kazi yake ni kubeba mzigo. Bega la barabara linabeba uzito wa barabara. Hakuna mahali popote, kwenye lugha wala kwenye uhandisi, lilipoahidi kumlinda mtu.

Hapo hapo niseme na jambo dogo. Naandika "waenda kwa miguu", siandiki "watembea kwa miguu", ingawa yote mawili yanatumika na sigombani na mtu. Kutembea kwetu kumebeba pia maana ya matembezi: "nimekuja kutembea tu, shangazi." Mtoto anayekwenda kilomita nne shuleni hajaenda kutembea. Anasafiri. Mpango wa usafiri unaomwona kama mtu aliyetoka kupunga upepo utampangia bustani badala ya njia.

Rudi kwenye mita moja na nusu. Simama saa kumi na mbili na nusu asubuhi kando ya barabara kuu yoyote inayokata kijiji. Wanafunzi wanakuja kwa mstari mmoja, mkubwa mbele, wadogo nyuma yake, mikoba mgongoni. Kutoka upande wa pili anakuja mtu na baiskeli ya mkaa. Haipandi, anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Gunia mbili zimesimama ubavuni mwa gurudumu la nyuma na la tatu limelazwa juu kwa upana, kwa hiyo mzigo peke yake unakula karibu mita nzima. Iliyobaki ni nusu mita, na wanafunzi wanaitaka. Nyuma yao bodaboda anapiga honi kwa sababu naye amekwepa foleni akaja huku. Mbele daladala imesimama, mlango wake uko palepale begani, abiria wanashuka.

Kisha semi linakuja. Mtu wa mkaa halitazami, amelisikia. Anajua ana sekunde chache. Anateremsha gurudumu la mbele kutoka kwenye lami kwenda kwenye changarawe, na pale ukingoni lami imelika, kuna kidato cha kiganja kizima. Gurudumu linadumbukia, mzigo unainama, anauzuia kwa bega lake mwenyewe. Semi linapita, mashati ya watoto yanavuma, vumbi linatulia. Anaanza kuipandisha baiskeli upya.

Hiyo ndiyo safu iliyokuwa na kilomita nyingi kwenye jedwali.

Mstari mweupe ni rangi. Dereva aliyelala hauoni, breki iliyofeli haiujui, na mwenye haraka anaugeuza kuwa njia ya tisa. Ukingo wa zege ulioinuka, mtaro, safu ya miti, hata mita tatu za majani matupu, vinafanya kazi usiku na mchana bila askari. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hawa ndio wa begani.

Nikisema hivi huwa naambiwa nafasi hakuna. Mjini, kwenye mitaa iliyojengeka, mara nyingine ni kweli na inabidi tubishane mita kwa mita. Lakini kwenye barabara kuu na za mkoa hapa Tanzania tuna hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za 2009 ziliitoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara; watu wanaikumbuka vizuri kwa sababu nyumba zilipigwa X ya kubomolewa. Jumla ni mita 60. Toa mita 7 za lami ya magari, toa mita 3 za mabega yote mawili: zimebaki mita 50. Toa mitaro, toa nguzo za umeme na mabomba, toa na ya kupanua barabara siku za mbele. Mita mbili kila upande kwa ajili ya miguu hazikosekani. Wenye nyumba walisogezwa kwa jina la barabara, na barabara ni pamoja na yule mtoto.

(Hifadhi nayo isichanganywe. Watu kuwa wanapita kwenye hifadhi haina maana kwamba wana njia. Hifadhi ni ardhi iliyotengwa, njia ni kitu kilichojengwa juu yake, kikasawazishwa, kikavushwa juu ya mtaro kwenye kila mlango wa nyumba na kila makutano.)

Na makutano ndipo mpango wa mkoa unapojulikana. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania; za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mguu haujui mpaka huo. Mama anayetoka mtaani kwenda sokoni anaanza kwenye moja na kumalizia kwenye nyingine, na njia yake ikikatika katikati, iliyobaki haimfai. Kwa hiyo mpango unaofaa huifuata safari ya mtu mzima mzima, kutoka mlangoni kwake hadi aendako, ikiwemo pale anapovuka. Jedwali la mabega haliwezi kufanya hivyo, kwa sababu bega linafuata lami tu.

Neno likilegea, na ahadi inalegea. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera yake ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, na ndani yake ikaahidi asilimia 20 ya fedha za barabara ziende kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Ni ahadi kubwa na naiheshimu. Lakini asilimia 20 ya nini? Kama bega linahesabika kuwa njia, sera yoyote ya namna hiyo, iwe ya Nairobi au ya mkoa wetu, inaweza kutimizwa yote bila kumwekea mtoto hata hatua moja salama. Kama njia ni njia, basi fedha hizo zinaonekana kwa macho.

Zinavyoonekana tunajua. Kwenye Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mabasi yamepewa katikati, magari pembeni yake, na miguu na baiskeli wakatengewa njia zao pande zote mbili. Kuna mahali wauza bidhaa wamekaa, kuna mahali pikipiki hupanda, na hilo linahitaji kusimamiwa. Ila mtu akisema pale kuna njia ya waenda kwa miguu, amesema kweli. Unaweza kwenda ukaikanyaga.

Sina ugomvi na bega. Barabara ya vijijini yenye magari machache, bega pana lenye lami nzuri ni msaada mkubwa kuliko majani na tope, na ningependa kila barabara yetu ya mkoa iwe nalo. Liongezwe, litunzwe, kidato kile cha ukingoni kizibwe. Liitwe bega tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kwenye kikao, kazi yako ya kupima ilikuwa nzuri na zile kilomita ni za kweli. Naomba ile safu uibadilishe jina, iandike "mabega yenye lami". Halafu pembeni yake ufungue safu nyingine ya njia za waenda kwa miguu na ya baiskeli, uiache wazi kila mtu aione, hata kama mwaka huu itajaa sifuri.