Saratani ya kongosho kwenye ukoo: aanze kupimwa nani?

Hapa Dodoma mtu akisema "baba alikufa kwa saratani ya kongosho", mshauri wa vinasaba humuuliza kwanza: baba mzazi, au baba mdogo? Nyumbani wote ni baba. Kwenye hesabu ya hatari, na baba mzazi mnachangia nusu ya vinasaba, sawa na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Na baba mdogo ni robo.

Basi njoo na ukoo umeuchora kwenye karatasi: vizazi vitatu, kuumeni na kukeni, kila aliyeugua na umri wake alipogundulika. Andika pia saratani za matiti, ovari, tezi dume na utumbo mpana, kwani jeni moja yenye kasoro, mfano BRCA2, huweza kuleta saratani za aina kadhaa. "Alirogwa" na "alikufa kwa tumbo" visifutwe. Uliza kama macho yaligeuka manjano, kama alikonda upesi, kama kisukari kilimwanza ghafla ukubwani. Huo si ushahidi (ini nalo huleta manjano), ila hutuonyesha faili la hospitali la kutafuta.

Anayetangulia kupimwa jeni ni mgonjwa. Familia nyingi humleta kijana mwenye afya. Asipokutwa na kasoro, hatujui kama ameikwepa ya ukoo wake au kama ukoo haukuwa nayo tangu mwanzo. Saratani hii huenda mbio, kwa hiyo sampuli ya damu au mate ichukuliwe mara ugonjwa unapothibitishwa. Mgonjwa naye hufaidika: uvimbe wenye kasoro ya BRCA mara nyingi huitikia vizuri dawa za kemotherapi za jamii ya platinamu. Wengi hawakurithi, kati ya wagonjwa 100, takriban 10 ndio hukutwa na kasoro ya kurithi.

Kwa sampuli ya mate, asile, asinywe wala asivute sigara kwa dakika 30 kabla. Ugoro nao uwekwe kando. Aliyewahi kupandikizwa uboho aseme mapema, maana damu yake itasoma vinasaba vya aliyemchangia.

Jibu gumu kuliko yote ni "badiliko lisiloeleweka", yaani badiliko la jeni ambalo bado haijulikani kama lina madhara. Hilo si chanya: halibadilishi matibabu, wala ndugu hawapimwi kwa ajili yake. Jibu likiwa chanya, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi kasoro, si saratani yenyewe. Walio chini ya miaka 18 kwa kawaida wasubiri, kwani hata kwa mwenye BRCA2 yenye kasoro ambaye ndugu yake wa karibu aliugua, uchunguzi wa kongosho wa kila mwaka kwa MRI (picha za mashine ya sumaku) au ultrasaundi ya ndani (kifaa hupitishwa mdomoni hadi tumboni) huanza akiwa na miaka 50, au miaka 10 kabla ya umri wa aliyeugua mapema zaidi, kutegemea kipi kinatangulia.