Geji kubwa si bati nene

"Nataka mashine ya kukatia bati la geji kubwa." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara inabidi niulize: kubwa kwa namba, au kubwa kwa unene? Maana hizo mbili zinapishana njiani.

Geji ni namba inayotaja unene wa bati au waya, na namba ikipanda unene unashuka. Kwa kipimo cha Uingereza, geji 30 ni kama milimita 0.3, geji 12 inapita milimita 2.6. Basi, maana imeishia hapo.

Nadhani kinachotuponza ni zile geji nyingine, ya mafuta na ya upepo, ambazo mshale ukipanda ujue kitu kimeongezeka. Ya bati ina ukoo tofauti: ilitoka kwa wavuta waya. Fundi alipitisha waya kwenye tundu la sahani ngumu, akauvuta, kisha akaupitisha kwenye tundu dogo zaidi, akavuta tena. Waya uliovutwa mara nyingi ulikuwa mwembamba na ukapata namba kubwa. Kwa hiyo namba ile ilikuwa inahesabu jasho la fundi, unene ulifuata tu. Na kwa kuwa kila karakana ilikuwa na sahani zake, namba hazikulingana. Uingereza ikaweka kipimo kimoja cha kisheria mwaka 1884, Marekani ikatunga sheria yake ya mabati mwaka 1893, na wawili hao hawakulingana vilevile. Hadi leo geji 16 ni milimita 1.63 kwa Mwingereza. Kwa Mmarekani ni 1.52 ikiwa chuma cha kawaida, na 1.29 ikiwa alumini. Namba moja, mabati matatu.

Sasa mtego wenyewe. Mikasi mingi midogo ya umeme huandikwa uwezo wa milimita 1.6 kwa chuma laini, na hiyo kwa bahati tu inakaribiana na geji 16. Mtu akishaona 16 na 1.6 zinafanana, anaamini geji 18 ni milimita 1.8. La, ni 1.2. Kijana mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi alienda upande wa pili: alisoma "geji 16" kwenye mashine, akachukua bati la geji 12 akisema, "Si 12 ni ndogo kuliko 16?" Mkasi uliingia kama sentimita mbili, ukaguna, ukasimama. Tulipoutoa, kisu cha juu kilikuwa kimemeguka pembeni. Lile lilikuwa bati la kukatwa kwa grenda.

Bati jembamba nalo lina adabu yake. Bledi ya jigso, yaani msumeno mdogo wa umeme, yenye meno 24 kwa inchi ina jino moja kila milimita moja hivi, sasa geji 28, ambayo haifiki hata nusu milimita, inanaswa katikati ya meno na kutikiswa kama jani. Ukibana bati katikati ya plaiwudi mbili inawezekana, lakini mkasi au nibla, ile inayong'ata vipande vyenye umbo la mwezi mchanga, itakupunguzia kelele. Grenda inakata, ndiyo, ila joto lake linaunguza zinki inayolinda bati ukingoni, na kutu itaanzia hapohapo.

Halafu usisahau kuwa uwezo ulioandikwa ni wa chuma laini. Mashine ileile ya 1.6 kwenye stenlesi mara nyingi inaishia 1.2.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukienda kuulizia mashine sema "bati zito" au "bati jepesi", halafu taja milimita baada ya kulipima kwa venia, kile kipimo cha kubana. Geji itaje ukipenda, mwishoni, na neno "kubwa" liache nyumbani.